Mgeni wa Kiti cha Nne

Ripoti ya daktari ilikuwa na mistari sita, na mstari wa tano ndio uliomkera Koplo. Ulisema jeraha la kichwa laweza kuwa limetokana na kuanguka kwenye ukingo wa meza, au na pigo la kitu butu.

"Au," alisema Koplo. "Mtu kasomea udaktari miaka saba ili aje kutuandikia 'au'."

Mpelelezi alivuta kiti akakaa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwenye sauti ya chini, na wenzake kituoni walimwita Daftari kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila daftari. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Jalada lililokuwa mezani lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka saa tisa alasiri, na likifika jinsi lilivyokuwa, kijana mmoja angeshtakiwa kwa kujaribu kumuua mjomba wake.

"Nisomee tangu mwanzo," alisema. "Kama unamsomea mtu asiyejua lolote."

"Fundi Cherehani," Koplo alianza. "Miaka sitini na minane. Anatengeneza vyerehani, anaishi peke yake ghorofa ya pili. Juzi alasiri alikuwa kwake anacheza mchezo wa kompyuta. Unaitwa Msafara. Watu sita upande huu, sita upande ule, kila mmoja yuko kwake na mashine yake, wanavusha mizigo milimani. Shemeji yangu anaucheza. Chakula kinapoa mbele yake kama hakioni."

"Endelea."

"Mechi ilianza saa tisa na nusu, ikaisha saa kumi na dakika ishirini. Bao la matokeo nimelichapa kutoka mtandaoni, hili hapa. Kiti cha nne, Fundi Cherehani. Mizigo saba. Wa mwisho kaufikisha saa kumi na dakika kumi na nane." Koplo aligonga karatasi kwa kidole. "Dakika moja baadaye jirani wa chini anasikia mlango ukivunjwa. Alikuwa ameshika saa mkononi, anampimia mkewe muda wa dawa. Saa kumi na dakika ishirini na mbili, mpwa anaita gari la wagonjwa. Sasa afande, kijana anasema alipoingia alimkuta mjomba chini, na damu imeshaanza kukauka. Mzee wa kubeba mzigo dakika kumi na nane, damu ikauke dakika kumi na tisa?"

"Alisema kwa nini alivunja mlango?"

"'Nilihisi tu.' Mimi nikihisi, huwa nabisha hodi kwanza. Na wiki iliyopita walisikika wakigombana. Kijana anataka mzee ahamie kwao, mzee hataki."

"Simu yake?"

"Alipigiwa mara moja tu alasiri hiyo. Saa kumi kasoro dakika moja, namba kuu ya hospitali. Anasema ni kliniki, walimkumbusha miadi ya mama yake."

Mpelelezi aliandika hayo yote, kisha akapiga mstari chini ya neno moja: kliniki.

Mpwa alikuwa mchora mabango. Siku mbili za mahabusu hazikuwa zimetoa rangi ya bluu kwenye kucha zake. Mpelelezi alipoingia, kijana aliwahi kuuliza kabla hajaulizwa.

"Mjomba anaendeleaje, mama?"

"Hajaamka. Lakini tangu alfajiri anapumua mwenyewe."

Kijana alifunika uso kwa viganja viwili. "Namshukuru Mungu," alisema. "Sasa uliza unachotaka."

"Nimepiga simu kliniki asubuhi hii. Juzi haikuwa siku yao ya kazi. Hawakumpigia mtu yeyote."

Kijana alikwaruza rangi kwenye kucha yake.

"Kuna mtu alikupigia kutoka hospitali, ukaacha bango lako ukakimbia hadi kwa mjomba, ukafika na kuvunja mlango bila kubisha. Nani huyo?"

"Siwezi kusema."

"Saa tisa jalada linaondoka. Unaelewa linakwenda na nini?"

"Naelewa."

"Mficha uchi hazai, mwanangu."

"Najua, mama," alisema mpwa, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Lakini uchi wenyewe si wangu."

Mpelelezi aliandika jibu hilo lilivyo, neno kwa neno, akatoka.

Chumba cha Fundi kilikuwa safi kuliko vyumba vingi vya wanaume wanaoishi peke yao. Vyerehani vinne vilipangwa ukutani, kila kimoja na kipande cha karatasi chenye ugonjwa wake: huyu anaruka kushona, huyu anakata uzi, huyu amechoka tu. Kompyuta ilikuwa sakafuni, imepasuka, waya wake umeng'oka ukutani. Fundi wa kituo alikwisha kusema atahitaji wiki mbili kujua kama kuna kitu cha kusoma ndani yake. Damu ilikuwa kwenye pembe ya meza na kwenye zulia, na kiti kimelala ubavu.

Mpelelezi alipiga magoti akatazama chini ya meza. Kwenye ukingo wa mbele, pale ambapo macho ya mtu aliyekaa yangefika kila mara, palibandikwa karatasi kwa gundi. Mwandiko wa kalamu nene ulisema: *Ukitoka, tua mzigo. Anayekuja hajui njia.*

"Mahubiri," alisema Koplo.

"Labda." Chini ya karatasi hiyo kulikuwa na kadi ya ukumbi wa michezo ya kompyuta, mitaa miwili kutoka hapo. Nyuma ya kadi, mwandiko ule ule: *Bi Waya, mwalimu wangu.* "Twende tukamwone mwalimu. Muda unakwenda."

Bi Waya alikuwa mwanamke mnene mwenye bisibisi iliyochomekwa kwenye nywele. Ukumbi wake ulikuwa chumba kimoja kirefu, viti kumi na vinane, vitatu tu vina watu saa hiyo. Aliposikia habari ya Fundi alijifuta mikono kwa muda mrefu.

"Tumesikia amelazwa. Hatukujua kuna mtu amekamatwa. Kweli mpwa wake? Yule aliyenichorea bango la nje?"

"Nataka kuuelewa huu mchezo," alisema mpelelezi.

"Umewahi kucheza?"

"Karata."

"Inatosha. Na hapa pia wanaiba." Bi Waya alimvutia kiti. "Mechi mpya, au nikudandishe iliyoanza?"

"Tofauti yake?"

"Mpya unangoja watu kumi na wawili watimie. Iliyoanza unaingia sasa hivi, mtu akitoka. Umeme umemkatikia, mtoto analia, bosi ameingia, kiti kinabaki wazi. Mlango wa kati unafunguka, anayengoja anaingia. Kuna watu, dada, hawajawahi kuanza mechi maishani mwao. Kazi haziwaruhusu. Wao ni kudandia tu."

"Nidandishe."

Alivalishwa hedifoni. Kioo kilionyesha mlima, njia nyembamba, na mtu mdogo aliyesimama na mgongo mtupu. Mara sauti zikaingia masikioni, za watu wazima, zikipishana.

"Mgeni njoo!"

"Wewe jibu," Bi Waya alimnong'oneza. "Sema, mwenyeji apone."

"Mwenyeji apone," alisema mpelelezi, kwa sauti ile ile aliyotumia mahakamani.

Kisha mtu akasema, "Huyu amekuja kutuponya au kutukamata?"

Waliangua kicheko. Mpelelezi alimpeleka yule mtu mdogo mbele, akamtumbukiza mtoni.

"Dada! Huo ni mto, si barabara!"

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni!"

"Mwacheni. Mgeni, njoo kushoto kwangu, nifuate mimi. Hapo kwenye jiwe kuna mzigo, mwenzako aliutua kabla ya kutoka. Ubebe. Hivyo hivyo. Umeona? Asante sana."

Alibeba. Aliufuata mgongo wa yule wa mbele, akapita daraja, akateleza, akashikiliwa. Ilimchukua dakika tisa kuufikisha mzigo mmoja, na ulipofika, watu asiowajua walimshangilia kana kwamba ameleta maji jangwani. Muda mfupi baadaye mechi iliisha, wakiwa wameshindwa, na bao la matokeo likajaa kioo. Mpelelezi alilisoma juu hadi chini, kisha chini hadi juu.

"Mimi niko wapi?"

"Hupo," alisema Bi Waya.

"Nilifikisha mmoja."

"Umefikisha, kaandikiwa Mkia wa Mbuzi. Huyo hapo, kiti cha sita. Kiti ni cha aliyekianza. Mgeni hapewi jina kwenye bao. Wengine wamewaandikia barua wenye mchezo kulalamika. Fundi alikuwa anasema waache tu. Akasema mtu akija kukusaidia shamba huwezi kumwandikia hati ya shamba, lakini shukrani mpe."

Mpelelezi alivua hedifoni polepole. Alitoa mfukoni karatasi ya Koplo, akaikunjua juu ya meza, akaweka kidole kwenye kiti cha nne.

"Kwa hiyo mizigo saba hii ya Fundi?"

Bi Waya aliinama. "Saba ni ya kiti. Kama ni yake yote, sijui. Sikuwa kwenye mechi hii."

"Nani alikuwepo?"

"Huyu, kiti cha pili. Mwashi. Huwa anacheza siku asizo na kazi." Tayari alikuwa amepiga simu, akaiweka mezani sauti ikisikika. "Mwashi, niko na mtu wa serikali hapa, sema kweli na usijisifu. Ile mechi ya juzi, Fundi alikuwemo hadi mwisho?"

"Hapana, wapi," ilisema simu. "Fundi alinyamaza juu ya daraja. Kama saa kumi kasoro dakika tano. Tunamwita, kimya. Tunamwita, kimya. Dakika mbili, tatu, mchezo wenyewe ukamtoa, mlango wa kati ukafunguka, akadandia Robo Saa. Tukadhani Fundi umeme umemkatikia."

"Hamkuwaambia polisi?" aliuliza mpelelezi.

"Polisi gani, mama? Nani alituuliza? Sisi tunajua Fundi anaumwa, tunamwombea, basi."

Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama viatu vyake.

"Robo Saa ni nani?"

"Hatumjui kwa uso," alijibu Bi Waya badala ya simu. "Mwanamke. Akiingia anasema, 'Nina robo saa, nitumieni.' Nyuma yake kuna mngurumo. Kisha zinalia kengele tatu, naye anatua mzigo, anasema asanteni, ameondoka. Mwaka mzima tunabishana ni mngurumo wa nini. Mwashi anasema meli."

"Meli kabisa," ilisema simu. "Lakini juzi ilikuwa ajabu. Kengele zililia na hakutoka. Alikaa hadi mwisho. Na tangu aseme ana robo saa, hakusema neno jingine, na yeye si mtu wa kunyamaza."

Walipokuwa nje, Koplo alifungua mlango wa gari lakini hakuingia. "Afande, basi imekwisha. Saa kumi na dakika kumi na nane hakuwa Fundi."

"Mwendesha mashtaka atauliza, Robo Saa ndiye nani? Utamwambia ni sauti yenye mngurumo? Tunataka mtu na karatasi yenye saa." Alitazama daftari. "Mtu alimpigia mpwa kwa simu ya hospitali, dakika moja au mbili baada ya Robo Saa kuingia. Tumebakiwa na muda wa saa nne."

Mlinzi wa lango la hospitali alisikiliza swali la mpelelezi kwa makini. Kitu gani humu ndani hunguruma kwa robo saa, kisha kikapiga kengele tatu?

"Ukimwondoa daktari mkuu?" alisema. "Mashine za kufulia. Shuka zikishaoshwa, zinazungushwa kukamuliwa maji dakika kumi na tano. Teremka chini, mkono wa kulia, fuata joto."

Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi, na mvuke ulikaa darini kama wingu lisilojua pa kwenda. Mashine tano zilisimama ukutani, mbili zikinguruma. Kwenye nguzo palikuwa na simu nzee ya waya, na juu yake tangazo lililoandikwa kwa herufi kubwa: SIMU ZA MKONONI MARUFUKU. Chini yake mtu aliongeza kwa kalamu: *Mkumbukeni mwenzenu na mkono wake.* Nyuma ya kioo, ndani ya kijiofisi, mwanamume mwenye miwani alikuwa akiandika.

Mbele ya mashine namba mbili, mwanamke wa miaka arubaini hivi, mwenye viatu vya mpira na mikono ya nguo iliyokunjwa hadi kwenye viwiko, alikuwa akikunja shuka.

"Wewe ni Robo Saa?" aliuliza mpelelezi, chini ya mngurumo.

Mikono haikusimama. "Hapa naitwa mashine namba mbili."

"Fundi Cherehani anakufahamu kwa lile lingine."

"Fundi yuko juu, kitanda cha tisa. Kila asubuhi namwuliza nesi, ananiambia anapumua. Shuka zake nazifua mwenyewe, sizichanganyi. Dada, nakuomba, jina hilo usiliseme hapa. Nina barua mbili za onyo. Ya tatu ni mlango. Mwenzetu alinaswa mkono kwa sababu ya simu, tangu hapo hakuna msamaha, na wala simlaumu anayekataza. Nina watu wanne wanaonitegemea."

"Mpwa wake alikuahidi hatakutaja."

"Nilimwomba. Nilisema, kimbia kwa mjomba wako, na tafadhali usinitaje. Ni kijana mzuri. Mwambieni namshukuru. Nadhani yuko naye hapo juu."

"Yuko mahabusu."

Shuka lilianguka.

"Tangu juzi," alisema mpelelezi. "Karatasi inaonyesha Fundi alikuwa akicheza hadi dakika moja kabla ya mlango kuvunjwa. Wanaamini kijana ndiye aliyempiga. Ameulizwa mara tatu nani alimwita. Amekataa mara tatu."

Mwanamke aliketi juu ya kikapu cha nguo. Mashine nyuma yake iligeuza sauti, ikaanza kukamua.

"Siku mbili," alisema. "Kwa ajili yangu."

Mpelelezi alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akangoja.

"Andika," alisema mwanamke. "Nilianzisha kukamua, nikaenda kule nyuma ya vikapu. Nikadandia. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Nikaona kiti cha nne, nikafurahi, maana kurithi kiti cha Fundi ni kama kulalia kitanda kilichotandikwa. Kila kitu utakikuta mahali pake. Lakini nikamkuta amesimama katikati ya daraja, mzigo mgongoni."

"Hilo lina maana gani?"

"Fundi hatoki na mzigo. Yeye ndiye aliyetufundisha. Hata akiitwa na mteja, atatafuta jiwe, atautua, atasema asanteni. Miaka miwili sijawahi kuingia nikakuta Fundi ameondoka na mzigo."

"Wenzako walidhani umeme."

"Umeme ulikuwepo, hospitali na mtaa wake ni laini moja. Na yeye ana betri. Alituambia tuache kumweka kwenye visingizio vyetu." Alionyesha nguzo kwa kidevu. "Alishatupa namba ya mpwa wake. Alisema, 'Mimi naishi peke yangu, nikinyamaza vibaya mpigieni kijana.' Simu yangu haikuwa na salio. Nikapiga kwa ile ya nguzo. Dakika moja tu."

"Saa kumi kasoro dakika moja," alisema mpelelezi. "Na baada ya hapo?"

Mwanamke alitazama mikono yake.

"Nikarudi kucheza. Unaona? Mtu yuko chini anatoka damu, mimi nabeba mizigo. Nilisema akirudi asikute tumefungwa kwenye kiti chake. Kengele zikalia, nikashindwa kumwacha. Nilibeba mitatu. Tangu siku hiyo naona haya, hata shukrani kwa Mungu nazisema kwa sauti ndogo."

"Mitatu hiyo ndiyo iliyomfunga kijana," alisema mpelelezi, bila ukali. "Na hiyo hiyo, ikiandikwa inavyotakiwa, itamtoa. Mashine hii huweka kumbukumbu?"

Ilikuwa na karatasi nyembamba iliyojiviringisha pembeni. Waliikunjua pamoja hadi juzi. Kukamua kulianza saa kumi kasoro dakika tatu. Kulimalizika saa kumi na dakika kumi na mbili. Mlango wa mashine ulifunguliwa saa kumi na dakika ishirini na moja.

"Dakika tisa," alisema mpelelezi. "Zilikuwa shuka za nani?"

"Za chumba cha upasuaji. Zilichelewa. Kitabuni niliandika mlango ulikwama." Aliugusa mlango wa mashine. "Haukukwama."

"Sina haja ya kitabu. Karatasi hii na simu ya nguzo vyatosha kwa saa. Lakini lazima mtu aseme alikuwa wapi dakika tisa hizo, na aweke sahihi. Na msimamizi wako atasoma."

Mwanamke alisimama. Aliokota shuka lililoanguka, akalitupa kwenye kikapu cha chafu, akajifuta mikono kwenye aproni. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kile kijiofisi, akafungua mlango, na mpelelezi akabaki nyuma hatua mbili.

Msimamizi alisikiliza yote akiwa amevua miwani. Alikifungua kile kitabu cha kazi, akatafuta ukurasa, akasoma maneno *mlango ulikwama* kwa midomo tu. Akamgeukia mpelelezi.

"Yule mzee. Daktari anasema nini kuhusu muda?"

"Nusu saa zaidi pale sakafuni, asingefika hai."

Msimamizi alivaa miwani yake tena. Alivuta karatasi safi, akaandika tarehe juu kulia, akaweka kalamu chini.

"Barua ya tatu nitaiandika," alimwambia mwanamke. "Mwenzako alipoteza vidole viwili, siwezi kujifanya sikusikia. Lakini unanijua mimi na kuandika. Mwezi uliopita nilianza barua ya kuomba sabuni, hadi leo sijamaliza." Alimpa ile kalamu. "Mpe afande sahihi yake kwanza. Hiyo ndiyo yenye haraka."

Mwendesha mashtaka alilisoma jalada saa nane na dakika arubaini, maelezo ya Robo Saa, karatasi ya mashine na maelezo ya Mwashi pamoja. Kwenye ripoti ya daktari alipiga mstari chini ya neno *kuanguka*, kisha akarudisha bao la matokeo kwa ncha za vidole.

"Nani alileta hii?"

"Mimi," alisema Koplo. "Nilisoma majina. Sikuuliza nani amekaa."

Koplo alikwenda mwenyewe kufungua mlango wa mahabusu. Mpwa alipewa fomu ya kuachiliwa, akaisoma, akaisukuma mbali.

"Sijamtaja mtu. Mmemjuaje?"

"Kajitaja," alisema mpelelezi.

"Kazi yake je?"

"Ipo leo. Kesho sijui. Msimamizi wake ana mwandiko wa polepole."

Kijana alifikiria hilo, kisha akaandika jina lake.

"Nisamehe, bwana mdogo," alisema Koplo. "Nilikuwa na haraka."

"Ulikuwa unamtetea mjomba wangu," alisema mpwa. "Sina kinyongo."

Nje, kwenye benchi, mama yake alikuwa ameshika shati safi lililopigwa pasi. Alimvalisha mwanawe pale pale mbele ya watu, kifungo baada ya kifungo, kana kwamba ni mtoto anayepelekwa shule, naye akamwacha. "Kaka yangu kafumbua macho saa saba," alisema. "Nesi kanipigia. Kaulizia chai. Kisha kakuulizia wewe." Alimgeukia mpelelezi, akamshika mikono yote miwili, akatikisa, akatikisa tena.

Wodi hufunguliwa kwa wageni saa kumi. Walifika hospitali na dakika ishirini mkononi. Mama alikaa kwenye ngazi kungoja. Mpwa alimwuliza mpelelezi, "Chini ni wapi?"

Mpelelezi alimfikisha hadi mlangoni, akasimama hapo. Mvuke ulikuwa mwingi. Mwanamke alikuwa peke yake mbele ya lundo la shuka za wodi, kubwa, nzito, za kukunjwa na watu wawili. Aliweka ncha moja chini ya kidevu, nyingine mkononi, na shuka likimtoroka ubavuni.

"Shikamoo," alisema mpwa.

Mwanamke aligeuka. Alizitazama kucha za bluu.

"Marahaba. Ndiwe wewe?"

"Ndimi mimi."

"Kwenye simu una sauti nene."

"Nilikuwa nakimbia." Kijana alipiga hatua mbele. Alikuwa ameandaa maneno njiani, mpelelezi alimsikia akiyasema chinichini ndani ya gari, na sasa aliyaanza. "Mama, mimi na mama yangu, kwa niaba ya mjomba, tumesema—"

"Shika huko," alisema mwanamke.

Alimrushia ncha mbili. Mpwa alizidaka. Walirudi nyuma hadi shuka likanyooka kati yao, wakalikung'uta mara moja, likapiga mlio kama kofi.

"Kafumbua macho," alisema mpwa. "Kaomba chai."

Mwanamke alitembea kumwendea, naye kijana akamwendea, shuka likikunjika katikati, hadi mikono yao ikakutana na ncha zikaingia viganjani mwa mwanamke.

"Asante," alisema mpwa, karibu sana, kwa sauti ambayo mpelelezi aliisikia kwa shida.

"Na wewe," alisema mwanamke. Alilipapasa shuka, akaliweka juu ya mengine. Kisha akachukua la pili, akampa ncha zake.